Amina Bila Sala

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tisa mwezi wa tatu, asubuhi, pale mtungi wa oksijeni wa wodi ya wanawake ulipoisha. Mke wangu alikuwa amelazwa kwa nimonia. Mitungi mingine ilikuwa stoo, ufunguo wa stoo anao mganga mkuu, na mganga mkuu yuko kwenye kikao. Nani wa kumtoa mkubwa kikaoni?

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko mtaa wa nyuma ya hospitali hiyo hiyo, na ndani nilikuwa na mtungi wa oksijeni wa kukatia vyuma, umejaa. Nikaupakia kwenye mkokoteni, nikausukuma mbio. Mlinzi akanizuia getini, geti nililolichomelea kwa mikono yangu. Nesi akatoka, akautazama mtungi, akanitazama mimi.

"Baba, huu si wa wagonjwa. Hata koki yake haiingiliani na mipira yetu."

Alisema kwa upole, na huenda alisema kweli. Ufunguo ulipofika, mke wangu alikuwa ameshafunikwa shuka. Mganga mkuu akanipa mkono, akasema ni mapenzi ya Mungu. Wakubwa wanamsingizia Mungu mengi, lakini siku ile nilimwamini yule mganga. Nikasema kama ni hivyo, mimi na Mungu tumemalizana.

Zamani mke wangu alikuwa akija karakana kila asubuhi, anasimama mlangoni kabla sijawasha moto, anaomba. Anaombea kazi, anamwombea binti yetu, mteja mkorofi, hata jirani yetu fundi viatu ambaye kanisani haonekani. Mimi nimesimama na kiberiti mkononi. Akimaliza nasema "Amina", nawasha. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo katika maombi, miaka yote. Siku moja nilimuuliza, "Kwani Mungu hayajui haya mpaka umsimulie?"

"Anayajua," akasema. "Hata wewe unajua siku yangu imekwendaje, mbona nakusimulia? Watu wa nyumba moja wakiacha kuongea wanakuwa wapangaji tu."

Baada ya msiba sikukanyaga kanisani. Mchungaji alikuja, nikampa kiti, neno sikumpa. Lakini mdomo una mazoea yake. Kila nikishika kiberiti asubuhi, "Amina" inanitoka yenyewe. Fundi viatu anacheka kutoka mlango wa pili: "Mzee wa Cheche, unaitikia nini na hakuna aliyeomba?" Namwambia ashone viatu vyake.

Mwezi uliopita, mchana, binti yangu aliingia karakana ameshika kiuno. Mimba ya kwanza, uchungu umeanza. Mumewe yuko nje ndani ya teksi, wanakwenda hospitali ile ile kwa kuwa nyingine iko mbali. Badala ya kuniaga, akakaa juu ya benchi langu la kazi, katikati ya vipande vya nondo.

"Baba, niombee ndipo niende."

"Mumeo anakusubiri."

"Asubiri. Mama angekuwepo angeniombea."

"Mama yako aliomba kila siku. Mwisho wake umeuona."

"Nimeuona, ndiyo maana naogopa." Akakunja uso, akashika ukingo wa benchi mpaka uchungu ukapita. "Sitoki hapa, Baba. Nitazalia juu ya nondo zako."

Mkwe wangu akachungulia mlangoni, jasho linamtiririka. "Mzee, vipi tena?"

"Muulize mkeo, kagoma." Nikamgeukia binti. "Mwanangu, mimi kuomba sijui. Kazi yangu ni Amina."

"Basi leo tubadilishane. Wewe omba, Amina niachie mimi."

Nikavua miwani ya kazi. Macho sikufumba.

"Mungu, ni mimi wa karakana. Nina hasira na wewe. Mtungi uliisha huku unaona. Mwenye ufunguo alikuwa kikaoni, hukumtoa. Aliyekuwa anakusemesha kila siku ndiye uliyemchukua, ukaniacha mimi niliyekuwa kimya. Sikuelewi. Lakini huyu aliyekaa hapa nirudishie, yeye na alichobeba. Wale wa hospitali siwaamini. Wewe nawe sijui kama nakuamini, ila sina mwingine wa kumwambia. Nimemaliza. Hapana, bado. Usikae mbali."

"Amina," akasema binti yangu, analia na kucheka. "Baba, hiyo ni sala au ugomvi?"

"Ndiyo niliyo nayo."

"Inatosha. Nishike mkono niteremke."

Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Niliona tu kwamba yule niliyeapa nimemalizana naye, nimemsemesha kama tuliagana jana.

Nikawafuata. Kwenye ukumbi wa leba kulikuwa na mtungi, na mimi jicho langu huenda kwenye geji kabla ya kitu kingine. Mshale uko chini, gesi inakaribia kuisha. Nikamwambia nesi.

"Tumeshawaambia wakubwa," akajibu.

Nikakaa kwenye benchi la wageni, nautazama mshale, namsemesha Mungu kimoyomoyo, bila mpangilio, kila lililonijia. Jua linazama nikasikia mtoto akilia. Wa kike, mwenye sauti ya kuuza samaki. Mtungi hawakuuhitaji, na mama yake mzima.

Asubuhi yake nilisimama mlangoni pa karakana na kiberiti mkononi. Hakukuwa na wa kuniombea, nikaanza mwenyewe.

"Asante kwa mtoto na mama yake. Mwenye ufunguo mpe akili, sisi ametushinda."

"Amina!" fundi viatu akaitikia kutoka mlango wa pili, na safari hii hakucheka.

"Subiri wewe, sijamaliza." Nikashusha kiberiti. "Sasa turudi kwenye lile la Jumanne. Mke wangu alipokuwa anaishiwa pumzi, wewe ulikuwa wapi?"