Ngazi ya Arobaini na Moja

Usiku wa jana niliota benchi la zahanati yetu limekuja kunigongea mlango. Mimi si mtu wa ndoto; nikilala, nimelala. Lakini benchi lilikuwa pale kizingitini, limelowa umande.

"Tabibu," likasema, "hiyo ramani unayompelekea mkurugenzi asubuhi saa tatu, umemwonyesha nani?"

"Nimeichora mwenyewe, wiki mbili nzima. Kliniki mpya ya wazee. Ina vigae."

"Vaa viatu," likasema benchi, kana kwamba halijasikia habari ya vigae.

Nikatoka, nikajikuta tayari niko zahanati, huku kwetu milimani Upareni, nimevaa kandambili mbili za kushoto. Ukutani lipo tangazo nililobandika kwa mkono wangu: MPISHE MZEE KWANZA. Najaribu kuingia ofisini kwangu, mlango unanikatalia. Anapita Bibi Naetwe, mgonjwa wangu wa presha, miaka themanini na miwili, ndipo na mimi napita. Nataka kumwamkia, sauti haitoki. Mpaka yeye aseme kwanza.

Hana haraka. Anajifunga kanga upya, anakaa. Mimi nimesimama mdomo wazi.

Mezani kadi yake ya kliniki inakohoa. "Soma alichoniandika," inamwambia yeye, si mimi. Bibi anaiinua karibu na macho: *Mkaidi. Hatumii dawa. Haji kliniki.*

"Mwandiko mzuri," anasema. "Uongo mtupu."

Sauti yangu ikafunguka. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ile dawa yako ya kukojoza, nikiinywa sikai nusu saa. Na choo mmekiweka kule bondeni, ngazi arobaini na moja. Basi siku ya kliniki siinywi, nisije nikajiaibisha mbele za watu. Presha inapanda, unanigombeza. Nikaona bora nikae kwangu."

Niliona aibu, nisiseme uongo. Lakini ubishi nao ni ugonjwa. "Arobaini," nikasema. "Kwenye ramani ni arobaini."

Bibi akatoa pembe kikapuni, akapuliza. Ilikuwa pembe ya msaragambo, ile ikilia huku kwetu kila nyumba inatoa mtu kwenda kazi ya pamoja. Wazee wakatokea kila kilima, na mikongojo yao. Zahanati nayo, kwa kuwa ni mkazi, ikanyanyuka ikajipanga mstarini.

Mzee Senzighe, aliyevunjika nyonga mwaka jana, anashika penseli yangu. Ni nzito, inataka mikono mitatu. Wangu unakubaliwa wa mwisho.

Wanaita choo. Kinapanda kutoka bondeni kikihema, kinakaa kando ya mlango. "Samahanini," kinasema, "nilichorwa kule." Dirisha la dawa linashuka mpaka aliyeketi aonane na muuguzi. Benchi linapewa mahali pa kuegemea, linalia. Kliniki inasogezwa saa nne, umande ukishakauka njiani. Jamani, wale watu wana akili! Wiki mbili nilihangaika na vigae, wao wamemaliza chai haijapoa.

"Sasa zile ngazi," anasema Bibi.

Anatoa maharage arobaini na moja kikapuni, tunashuka sote, kila ngazi tunaweka punje. Nahesabu kwa sauti. Arobaini. Mkononi mwa Bibi imebaki punje moja.

"Fukua hayo majani," ananiambia Mzee Senzighe. Nafukua. Ngazi ipo, imemeguka ubavu. "Hiyo ndiyo iliyonivunja. Wewe utaijuaje, na choo chako kiko ofisini?"

Nikaipangusa udongo ile ngazi.

"Huyu akiamka atasahau," akasema Bibi. "Hebu fungua mdomo." Akanitia ile punje chini ya ulimi.

Niliamka saa kumi na mbili na robo. Ramani iko mezani, choo bado kiko bondeni, vigae vinapendeza. Nikataka kujicheka, ulimi ukagoma. Nikatema kiganjani harage moja jekundu.

Nilikwenda nyuma ya zahanati na kandambili zangu, nikashuka nikihesabu. Baada ya arobaini nikainama, nikafukua majani. Ngazi ipo.

Saa tatu, saa ya mkurugenzi, ilinikuta kwa Bibi Naetwe, na karatasi nyeupe na penseli. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikanyamaza ili aseme yeye.