Folda Inayoitwa Arua

"Ulituma wapi? Mbinguni?" Robert, mkuu wa mradi wetu, aliiinamia simu iliyokuwa mezani kana kwamba anataka kuing'ata. "Anguzu amefungua seva asubuhi hii mbele ya macho yangu. Wiki mbili, Nora! Hata sauti moja ya Koboko hakuna!"

"Mimi niliweka yote kwa folda," sauti ya Nora ilijibu kutoka Koboko. "Kumi na tisa. Na usinipigie kelele, mzee, mimi iko nasikia."

"Kama uliweka, iko wapi?"

"Ninyi watu ya Arua ndio mulichukua! Mimi nitajua namna gani?"

"Mimi sijachukua kitu," alisema Anguzu, ambaye kazi yake ni kutunza hazina ya sauti hapa Arua. "Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa matangani Vurra, kila mtu anajua. Alhamisi iliyopita nikachungulia, hakuna kitu. Ijumaa nikafungua tena, nikakuta peupe."

"Peupe!" Robert alipiga meza. "Siku zako tisini za majaribio kazini zinaisha leo, na mtu ananiletea peupe. Nora, andaa funguo za ofisi. Nakuja kuzichukua."

Niliivuta simu upande wangu.

"Nora," nikasema, "kadi za kinasa sauti bado zina hizo sauti?"

"Hapana, Mama Sandra. Nilifuta. Sheria inasema ukishaweka kwa folda ya Arua, futa kadi."

Sheria hiyo niliiandika mimi na kuibandika ukutani mwenyewe.

"Basi sikiliza. Usihifadhi chochote kwenye kompyuta. Usifute, usizime. Toa mikono. Nakuja na mzee."

"Wewe unakuja kufanya nini?" Robert akaniuliza.

"Kutafuta sauti kumi na tisa. Wewe tafuta funguo."

Mradi wetu wa hapa kaskazini magharibi mwa Uganda ni mdogo, na mimi ndiye fundi wa kompyuta zake. Tunarekodi masomo ya sauti kwa watoto wa darasa la kwanza, kwa lugha wanazozungumza nyumbani. Nora Kenyi ni Mkuku wa Sudan Kusini aliyevuka mpaka na mama yake miaka minane iliyopita. Kikuku chake na Kikakwa cha watu wa Koboko vinaelewana, na yeye ana sikio ambalo sijapata kuliona kwa mwingine. Wiki hizo mbili alikuwa amekwenda Abuku kwa baiskeli mara tano, kuwarekodi wakulima wanawake wakihesabu mbegu, wakitaja wanyama, wakiimba nyimbo za kupalilia. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Kama sauti hazipo, kazi haipo.

Candia, dereva wetu, alituendesha kwenye barabara ya lami, na njiani Robert akasema kwamba kompyuta ya Koboko itafutwa yote, ili mtu mpya aanze upya.

"Ukitaka kuifuta," nikamwambia, "utanikuta nimeikalia."

"Mama Sandra akikalia kitu," alisema Candia, "hiyo kitu nani atatoa?"

Robert akacheka bila kutaka. Ni mtu mwema, lakini hasira yake hufika kabla yake.

Ofisi ya Koboko ni chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Tumebandika magodoro ukutani ili sauti isirudi, kwa hiyo ukisema neno humo linakufa mdomoni. Tulimkuta Nora amesimama mlangoni. Mkoba wake ulikuwa umefungwa tayari, na funguo zilikuwa juu ya meza, zimepangwa.

"Mzee, karibu. Funguo iko pale," alisema, bila kumtazama Robert usoni. Kisha akanigeukia. "Mama Sandra, mimi si mwongo."

"Sijasema wewe ni mwongo. Leta kiti."

Robert alifika kwenye kompyuta kabla yangu. Akafungua folda na kunyoosha kidole. "Tazama. Peupe."

Kwenye kompyuta ya Koboko kuna folda moja ya kazi, nasi tuliipa jina ARUA. Si folda ya kawaida. Kompyuta inapoamka, programu iitwayo sshfs huvuta diski ya seva yetu ya Arua kupitia njia ya siri yenye ufunguo, na kuiweka mahali pa folda hiyo. Nora akiifungua Koboko, anachokiona kiko Arua. Akihifadhi humo, Anguzu anakiona papo hapo. Ndiyo maana watu wetu hawasemi "nimehifadhi," husema "nimeweka Arua."

Na kila Ijumaa Anguzu huhamisha faili zote kwenda kwenye hazina na kuiacha folda tupu, kama mtu anayefagia uwanja kabla ya Jumapili. Kwetu folda tupu ni dalili ya kazi kwenda vizuri.

Nilianza na swali la kwanza: njia iko wazi sasa hivi? Nikaandika faili yenye neno moja, nikampigia Anguzu.

"Unaona nini?"

"Naona faili inaitwa 'mama-sandra-ana-njaa'."

"Vizuri. Usiifute."

Njia ilikuwa wazi. Kwa hiyo leo hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa siku zilizopita. Nikafungua kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia yenyewe, nikarudi nyuma siku moja moja. Hadi wiki mbili na siku moja zilizopita kila kitu kilikuwa sawa. Kuanzia Jumatatu iliyofuata hadi Alhamisi iliyopita, kila asubuhi kulikuwa na mstari uleule: kompyuta imejaribu kuivuta diski ya Arua, haikupata mtandao, imeacha.

"Nora, Jumatatu ile mlibadilisha nini hapa?"

"Hakuna kitu. Kazi ilikuwa ileile."

"Fikiri. Umeme, nyaya, rauta, kiti, paka. Chochote."

Akafikiri. "Ile swichi tu. Mzee alisema betri ya sola inakufa mapema, jioni tuzime yote kwa swichi kubwa. Zamani tulikuwa tunaacha rauta inawaka."

Nilimgeukia Robert. Robert akatazama godoro.

"Betri ilikuwa inakufa kweli," alisema.

"Sikatai. Lakini asubuhi Nora akiwasha swichi, kompyuta inaamka kwa nusu dakika. Rauta inatafuta mtandao dakika tatu. Kompyuta inauliza Arua iko wapi, haipati jibu, inanyamaza. Haikumwambia mtu."

"Lakini folda ilikuwa inafunguka!" alisema Nora. "Kila siku! Mimi naweka, inakubali."

"Ilikuwa inafunguka kwa sababu folda yenyewe ipo, hapa hapa kwenye diski ya Koboko. Siku nyingine Arua inakuja kukaa juu yake. Siku hizo Arua haikuja. Ulikuta folda tupu Jumatatu, ukadhani Anguzu amefagia. Si ndivyo?"

"Ndiyo. Jumatatu iko tupu siku zote."

Nikauliza kompyuta diski yake imetumika kiasi gani. Kompyuta ya Koboko haihifadhi kazi, kwa hiyo diski yake huwa nyepesi. Siku ile ilikuwa na gigabaiti kumi na moja ambazo sikuweza kuziona katika folda yoyote. Nilihesabu mara mbili. Kitu kizito kilikuwa kimelala mahali fulani na hakionekani.

"Iko?" Nora aliuliza. Alikuwa amesimama karibu sana hata pumzi yake naisikia shingoni.

"Ngoja."

Lilibaki swali moja. Kama faili ziliwekwa hapa, nani alizificha? Nikafungua orodha ya amri zilizowahi kuandikwa kwenye kompyuta hiyo na kwenda siku ile ya Alhamisi, ambako ile mistari ilikomea. Nikaiona amri ya kuivuta Arua, imeandikwa kwa mkono, na mwishoni mwake kuna neno moja: nonempty.

Nilikuwa nalijua neno lile.

Alhamisi jioni Anguzu alikuwa ameniambia haoni kitu cha Koboko. Nikampigia Nora kutoka jikoni kwangu. Maharage yalikuwa motoni, na Sandra wangu alikuwa ananivuta nguo nimtazamie hesabu zake. Nikamsomea Nora amri ya kuivuta Arua kwa mkono. Akaniambia, "Mama Sandra, inakataa. Inasema folda si tupu." Mtu mwenye akili angeuliza: kwa nini si tupu? Kuna nini ndani? Mimi nilimwambia, "Usijali, inajisemea tu. Ongeza neno hili mwishoni," nikamtajia herufi moja moja. Neno lile huiambia programu: hata kama folda ina vitu, kaa juu yake. Programu ikatii. Arua ikaja, ikatandikwa juu ya sauti kumi na tisa kama mkeka juu ya karanga. Nora akafungua, akaona tupu, akafurahi kwamba Arua imechukua. Nikamwambia asizime kompyuta tena mpaka nimwambie, na mkeka ukabaki pale pale hadi leo.

"Nora," nikasema, "Alhamisi ulipoona folda imekuwa tupu baada ya simu yangu, ulifanya nini?"

"Nilifuta kadi. Yote."

"Kwa hiyo mashine ilitaka kutuambia, mimi nikaiziba mdomo."

Robert akainua kichwa. "Madamu, unasema nini?"

"Nasema aliyeficha faili ni mimi. Sasa nyamazeni wote wawili, niziondolee mkeka."

Nikaandika amri ya kuiachia Arua. Kompyuta ikakataa: kifaa kina shughuli. Nikajaribu tena. Kina shughuli. Nora akashika kichwa. Kuna amri ya nguvu ya kuitoa hata ikikataa, lakini nilikuwa nimeshatumia nguvu mara moja wiki ile, na ilitosha. Nikauliza kompyuta ni nani anayeishikilia folda. Ikanijibu.

"Mzee Robert."

"Naam?"

"Unayeishikilia ni wewe."

"Mimi? Mimi nimekaa huku!"

"Lile dirisha ulilofungua kutuonyesha peupe. Bado liko wazi nyuma ya hili."

Nora alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akajiziba mdomo haraka. Robert akanyoosha mkono juu ya bega langu, akashika kipanya kwa heshima yote na kufunga dirisha lake.

Nikarudia amri. Safari hii kompyuta haikusema kitu, na kwa kazi hii kutosema kitu ndiyo habari njema. Nikafungua folda.

Zilikuwepo. Abuku-moja, Abuku-mbili, mpaka kumi na tisa, kila moja na tarehe yake na saa yake. Nora alibonyeza ya saba. Chumba kile cha magodoro kikajaa sauti ya mama mmoja anayehesabu mbegu za maboga kwa Kikakwa. Alipofika kumi, kuku akaingilia, mama akamfukuza, akaanza tena moja.

"Nilitaka kukata huyo kuku," alisema Nora, machozi yakimtoka.

"Ukate kwa nini?" alisema Robert. "Watoto watapenda."

Nikanakili zote kumi na tisa kwenye diski ya pembeni kwanza, kabla ya furaha kutupotosha. Kisha nikaivuta tena Arua, safari hii bila lile neno, nikazipeleka. Anguzu akapiga simu kabla sijampigia. "Zinaingia! Ya tatu sasa, ya nne..."

Robert akajikohoza. "Basi. Mungu ni mwema. Nora, tutakuongezea mwezi mmoja wa majaribio, halafu tutaona."

"Tutaona nini?" nikauliza.

"Madamu, ni utaratibu."

"Utaratibu gani? Swichi ni yako. Neno ni langu. Sheria ya kufuta kadi ni yangu. Huyu amekwenda Abuku mara tano kwa baiskeli, na kila kitu tulichomwambia amekifanya. Kama kuna wa kujaribiwa mwezi mmoja, andika jina langu."

Robert alitazama nje, alikokuwa Candia akifuta kioo cha gari. Mwishowe akachomoa barua ya kuthibitishwa kazini kutoka kwenye faili lake. Alikuwa nayo muda wote, pamoja na ile nyingine ya kumwachisha kazi. Akaweka sahihi na kumsogezea Nora.

"Pole, binti yangu," alisema. "Nilipiga kelele."

"Nilisikia, mzee," alisema Nora, akatia sahihi.

Mimi nilikuwa bado na kazi. Niliipanga kompyuta isijaribu kuivuta Arua mpaka rauta iseme iko tayari. Niliifunga folda ya chini isikubali kuandikwa kitu, ili siku Arua isipokuja, mtu akihifadhi akataliwe waziwazi. Niliichana ile karatasi ya sheria ukutani na kuandika nyingine: kadi haifutwi mpaka Anguzu aseme ameona.

Kisha nikaona kwamba hayo yote hayatoshi. Nora alikaa wiki mbili mbele ya kompyuta ambayo asingeweza kuihoji, kwa sababu nywila ya msimamizi ilikuwa kwangu Arua, kilomita zaidi ya hamsini, jikoni, penye maharage.

"Nora, kaa hapa."

"Unafanya nini?" aliuliza Robert.

"Nampa usimamizi wa mashine hii."

"Nywila ya msimamizi ni ya Arua, madamu. Huyu ana mkataba wa dakika kumi!"

"Ndiyo. Na tayari anajua ubaya wa nonempty kuliko nilivyojua mimi Alhamisi."

Nilikuwa nimeshaandika amri. Kompyuta ikauliza nywila mpya. Nikainuka, nikamsukuma Nora kwa bega hadi kwenye kiti, nikamgeuza Robert kwa mkono tukatazama ukuta wa magodoro sote wawili.

"Iwe ndefu," nikasema. "Na usitumie jina la mama yako."

Nyuma yetu Nora alianza kubonyeza, polepole, herufi moja moja. Akaandika kwa muda mrefu, akairudia mara ya pili kama kompyuta ilivyotaka, akabonyeza kitufe cha mwisho.

"Imekubali," alisema.