Abiria wa Tajiri

Siku moja kabla ya bei kupanda, kituo cha mafuta kiliishiwa petroli, kama ilivyo desturi yake. Tajiri mwenye kituo alipima tangi la chini kwa ufito, akaona limejaa, akamwambia mhudumu wa pampu, "Leo hakuna. Mpaka kesho."

Saa tisa alasiri shemeji yake mhudumu aliingia na gari lililokuwa likikatakata kwa kuishiwa mafuta. Kwenye kiti cha nyuma alilala mkewe, uchungu wa kuzaa umemshika. Mhudumu alimtazama dada yake, akatazama dirisha la ofisi alikosimama tajiri, akasema hakuna. Dada alikata roho, yeye na mimba yake, kwenye kona iliyo karibu na hospitali, mumewe na wapita njia wakisukuma gari.

Kesho yake mafuta yalikuwepo, kwa bei mpya.

Wiki iliyofuata marehemu alikaa kiti cha nyuma cha gari la tajiri, ameshika tumbo. Tajiri alimsalimia, akawasha gari. Tangu hapo gari hunywa tangi zima kutoka kituoni mpaka ile kona, likazima, naye hurudi kwa miguu na dumu mkononi. Alinunua gari jingine, marehemu akahamia humo na mkoba wake wa kwenda kujifungua. Tangi likibaki tupu marehemu huugulia uchungu, na sauti humfikia tajiri chumbani hata akiziba masikio. Kwa hiyo hujaza kila siku. Malipo ni hapahapa duniani, na mhudumu alifurahi, wala hakuficha.

Bei ikipanda, wateja hupunguza safari siku tatu nne, kisha hurudi, maana kazi haisogei ikakaribia nyumbani. Tajiri peke yake hakuweza kupunguza hata kikombe. Lakini mtu huyo hana haya: mwezi uliofuata aliongeza bei ili kufidia mafuta anayoyachoma yeye.

Asubuhi moja mhudumu aliinama kwenye dirisha la nyuma la gari la tajiri.

"Dada, shuka basi. Mafuta yako tunayalipa sisi. Mumeo siku hizi anaenda kazini kwa miguu."

"Tumeshafika hospitali?"

"Bado."

"Basi jaza."

Mhudumu alichomeka bomba, akajaza mpaka pomoni. Tajiri aliketi nyuma ya usukani, dumu limelala mapajani, akingoja. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika barabarani.