Viti vya Kuazima

Barua ilieleza wazi kwamba ruzuku ya serikali ni kwa karakana zinazohudumia jamii lakini zimeelemewa kifedha, na kwamba afisa atakuja Jumanne kujionea. Bi Nadhifu, kama mafundi walivyomwita mkuu wao, alichosikia ni kwamba mgeni anakuja. Mengine hayakumwingia.

Karakana yao ilikarabati viti vya magurudumu. Mafundi walikuwa wanne, na watatu kati yao walitumia viti hivyo wenyewe. Aliyekuja mikono mitupu alihudumiwa bure, na wa aina hiyo hawakukosekana hata siku moja.

"Shemeji," alisema mchomeleaji, mume wa dada yake, akimtazama anavyotundika mapazia, "tunaomba msaada au tunapokea posa?"

"Hebu nyamaza! Mgeni hakaribishwi kwenye vumbi."

Akaazima zulia, akaazima feni, akaazima na viti vinne vyekundu kwa kinyozi wa jirani. Mashine ya kuchomelea iliyokufa akaifunika kitambaa cha maua, ikawa meza.

Afisa, mama mpole mwenye miwani, aliketi akaletewa soda baridi.

"Haya, kazi inaendaje?"

"Mambo safi kabisa!" Bi Nadhifu alijibu kwa mazoea.

Afisa akatazama zulia, akatazama feni, akafunga faili. "Hongereni. Basi nafasi hii tuwaachie walioelemewa."

Bi Nadhifu alibaki anatabasamu huku moyo umemshuka hadi kwenye visigino. Hapo hapo kinyozi akachungulia mlangoni.

"Samahani, mama. Wateja wangu wamesimama. Nirudishie japo viti viwili."

Afisa alinyanyuka, akamkabidhi kinyozi kiti alichokuwa amekalia. Mchomeleaji akashindwa kujizuia, akaangua kicheko.

"Mheshimiwa, ukishaanza kunyanyuka, nyanyua na kitambaa hicho."

Afisa alikinyanyua. "Imekufa lini?"

"Huu mwezi wa pili. Fremu ya kiti cha mteja naipakata kama mtoto, najisukuma nayo kwenye kiti changu hadi gereji ya mtaa wa pili."

"Niliona aibu," Bi Nadhifu alisema, macho chini. "Nilidhani ukituona hivi utasema hatujui kazi."

Afisa alivua miwani, akaifuta. "Wiki nzima nimepokelewa na watu waliovaa matambara, magari yao mapya wameyaficha nyuma ya nyumba. Wewe ndiye wa kwanza kunidanganya kwa kujifanya mwenye nacho." Akafungua faili tena. "Tuanze upya. Kazi inaendaje?"

"Vibaya," alisema Bi Nadhifu, na akishaanza hakunyamaza mpaka soda ikapata moto.

Baada ya wiki sita ililetwa mashine mpya, pamoja na mkataba wa kukarabati viti vya hospitali. Ombi la Bi Nadhifu la kupewa pia rangi ya ukuta lilikuwa limefutwa kwa mstari.

Wa kwanza kuhudumiwa kwa mashine hiyo alikuwa mwalimu ambaye mumewe alikuwa akimbeba mgongoni hadi darasani. Alikizungusha kiti chake uani mara mbili, akafunga breki, kisha akawagombeza kwa kuchelewa kama anavyowagombeza wanafunzi. Mafundi wote wakaomba radhi kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kuficha furaha yake.