Damu ya Kaya ya Ishirini na Saba

Katika ofisi yetu ya utafiti pale Bagamoyo kulikuwa na ubao mweupe, na jina langu lilikaa juu ya ubao ule miezi mitano mfululizo. Adila, asilimia mia. Wenzangu walikuwa na themanini, themanini na tano, kwa sababu watu hukataa kutolewa damu, na wengine wakikuona unakuja hutokea mlango wa uani. Mimi sikuwa na pengo hata moja. Wadadisi wapya waliletwa kwangu wajifunze namna ya kuketi kwenye mkeka wa watu na namna ya kuuliza bila pupa. Nikiikumbuka sauti niliyokuwa nikiwafundishia, natamani kujizaba kofi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima maambukizi ya VVU vijijini. Kompyuta ndiyo iliyochagua kaya, wewe ulipewa namba tu ukaitafute. Unauliza maswali kwenye kishkwambi, mtu anatia sahihi ya ridhaa, unamtoboa kidole na kudondosha matone matano kwenye kadi ya karatasi. Kadi ikikauka inakwenda maabara Dar es Salaam ikiwa na namba, haina jina. Kaya ikikataa, unaandika imekataa. Hilo Oswaldi, mtakwimu wetu, alilirudia mpaka tukamchoka. Alisema pengo la kweli anaweza kulifanyia hesabu, lakini uongo hauna hesabu.

Tulifika kijiji cha Mkange katikati ya Ramadhani. Hapo ofisi ilikosea, na sisi watu wa pwani tuliokuwemo tulijua inakosea tukanyamaza, kwa kuwa ratiba ilikuwa imeshapigwa mhuri. Vijijini watu wanaamini damu ikitoka kwa kutobolewa, saumu imefunguka. Unaweza kuwasomea fatwa kutwa nzima, watakusikiliza kwa adabu, kisha watakuambia uje baada ya magharibi. Na gari ya mradi iliondoka kila siku saa tisa alasiri.

Kaya ya ishirini na saba ilikuwa ya Mzee Kibwana na mkewe, Bi Mwanamvua. Mzee alikuwa na homa siku ile, hakufunga. Alinipa kidole chake akiwa amejilaza ndani, akageukia ukutani akalala tena. Mkewe alijibu maswali yote nje, hata yale ya aibu, akicheka na kujifunika mdomo kwa kanga. Akatia dole gumba kwenye fomu. Nilipotoa kisindano, akaurudisha mkono wake taratibu.

"Hapo mwanangu nisamehe," alisema. "Nimefunga. Njoo tukishafuturu, nitakupa vidole vyote kumi."

Nilimwelewa kabisa, maana na mimi nilikuwa nimefunga. Alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa kama mama yangu mdogo. Kumwomba mtu mzima avunje saumu yake kwa ajili ya karatasi niliona haya. Ila kuandika imekataa niliona uchungu, na uchungu ule ndio ulioshinda. Asilimia mia yangu ingeingia doa, na ilikuwa imeshasemwa kwamba mwezi wa sita mimi nitakuwa msimamizi.

"Usijali, mama," nikamwambia. "Nitajua la kufanya."

Niliomba kwenda uani. Bafu lao lilikuwa la makuti, na humo, nimechutama juu ya jiwe la kuogea, nilijitoboa kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Matone matano, mazuri, ya duara. Nikaandika ishirini na saba, sifuri mbili, yaani mtu wa pili wa kaya ya ishirini na saba. Mwanamke wa miaka hamsini na nane. Saumu yangu mwenyewe niliihesabu kuwa imesimama, na nilipotoka Bi Mwanamvua alinifungia viazi vya nazi kwenye bakuli la bati, eti nikafuturu njiani, maana nimemwonea huruma.

Mimi pia nililiita tendo lile huruma. Nililitumia neno hilo mpaka mwezi wa sita.

Majibu yalirudi wakati watu wanavuna ufuta. Utaratibu ulikuwa mwepesi: asiye na virusi anapewa bahasha na mdadisi, na mwenye virusi anawekewa nyota kwenye orodha, anafuatwa na muuguzi ampe ushauri na kumpima tena. Muuguzi wetu alikuwa Clara, mzaliwa wa pale pale Bagamoyo, karibu na misheni, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya safari Oswaldi alikuwa amewasha ramani ukutani. Mkange ilikuwa imepanda rangi ya maambukizi.

"Mtu mmoja tu," alisema, "lakini sampuli ni ndogo, anaivuta asilimia. Na ajabu ni mama mtu mzima, mumewe hana. Nimeangalia kama kuna kosa." Akanigeukia akitabasamu. "Ila nikaona ni kaya ya Adila, nikajua kosa halipo."

Clara akanipa orodha. Nyota ilikuwa kwenye ishirini na saba, sifuri mbili.

Nilisoma namba ile mara tatu, kana kwamba ingebadilika kwa kutazamwa. Kisha nikaketi juu ya boksi la glavu. Mara yangu ya mwisho kupimwa ilikuwa kliniki, mimba ya binti yangu Ummy, na Ummy sasa ana miaka tisa. Baba yake, Mikdad, tuliachana miaka minne iliyopita kwa sababu nilizozijua na nyingine ambazo sikutaka kuzijua. Miaka mitatu nilikuwa nikienda mlango kwa mlango nikiwaambia watu kwamba kujua afya yako si jambo la kuogopa. Mimi nilikuwa naogopa kuliko wote.

Mtu mwenye haya angesema pale pale. Mimi nilipanda gari. Njia nzima Clara alikuwa kando yangu, na njia nzima nilipanga: atampima Bi Mwanamvua upya, atamkuta hana, maabara itabebeshwa lawama, nyota itafutwa, na mimi nitakwenda kimya kimya hospitali ya mbali kutafuta dawa zangu. Hakuna atakayeumia. Kilichobaki ni mama yule kutosema kwamba hakutoa damu.

Bakuli lake nilikuwa nalo, nimelijaza kashata, maana kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Mzee Kibwana alikuwa barazani anapepeta ufuta, amepona, amenona. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, nikampa bahasha yake, akaifungua palepale na kunionyesha kama mtoto aliyefaulu mtihani. Clara alikuwa bado anashusha sanduku lake garini. Nikaenda jikoni kwa haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelirudisha na bakuli. Karibu kigoda."

Sikuketi. "Mama, nina shida. Muuguzi atakuuliza kama ulitoa damu ile siku ya Ramadhani. Nakuomba useme ulitoa."

Aliacha kukuna nazi. "Lakini sikutoa."

"Najua. Niliandika umetoa. Ukisema hapana, kazi yangu imekwisha. Nisitiri, mama."

Alinitazama muda. Naapa sijapata kutazamwa hivyo, bila hasira, kama anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuutwika. Kisha akafuta mikono kwenye kanga. "Nimekusikia," alisema. "Kumsitiri mtu ni thawabu. Basi, nitasema nilitoa."

Hakuniuliza kwa nini wanataka kujua. Na mimi, aliyejua vizuri ataambiwa nini mle ndani, sikumwambia.

Clara akamwita chumbani, akafunga mlango. Mimi nikabaki barazani na Mzee Kibwana. Dakika kumi alinieleza habari za ufuta na bei za Kibaha. Dakika ya kumi na tano akaweka ungo kando. Akaitazama bahasha yake, akautazama mlango.

"Mimi nimepewa karatasi hapa nje," alisema polepole, "na mwenzangu kafungiwa ndani na nesi."

"Ni utaratibu tu, mzee."

"Kwa Tabia wa pale mbuyuni alikwenda nesi mwaka juzi. Tunajua kwa nini."

Alichukua ungo akaanza kupepeta ufuta ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Mlango ulipofunguliwa, Bi Mwanamvua alitoka na pamba kwenye kidole. Clara alikuja nyuma yake, uso umetulia, lakini alikuwa na mshangao wa mtu ambaye hesabu zake zimegoma. Alimwomba mama ruhusa ya kusema mbele ya mzee, na Bi Mwanamvua akaitikia kwa kichwa. Clara akasema kipimo cha leo ni safi, mama hana virusi, huenda maabara ilikosea, na damu nyingine itapelekwa kuthibitisha.

"Kwa hiyo cha mwanzo kilisema anavyo," alisema Mzee Kibwana.

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Kule Dar wana mashine kubwa. Hii yenu ya leo ni kijiti cha plastiki." Akamgeukia mkewe. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mwanamvua. Miaka thelathini na sita. Damu ile ilikuwa yako?"

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Neno moja tu, siyo, lingemtoa mama yule kwenye shutuma, na alikuwa na haki nalo. Alifumbua mdomo. Akanitazama. Kisha akainamisha kichwa vilevile kama siku ile ya Ramadhani, akasema, "Nilishasema nilitoa."

Mzee Kibwana akaweka ungo chini. Akakivuta kigoda chake pembeni, hatua mbili tu kutoka kwa mkewe, akaketi ametupa mgongo. Bi Mwanamvua alibaki amesimama na pamba yake kidoleni. Machozi yalimlenga lakini hakuyaacha yaanguke, na midomo yake ilikuwa inasoma kitu. Alikuwa ameshamtambua mwenye damu ile. Nililiona hilo usoni mwake, na niliona pia kwamba hatanitaja, wala leo wala baada ya mimi kuondoka na gari.

Sijui nieleze vipi aibu ile. Ya kujitoboa bafuni naweza kuieleza, hata ya nyota. Hii ya kuona mtu anavuliwa heshima yake kwa ajili yangu, na mimi nimeshika kishkwambi mkononi, sina maneno nayo.

"Mzee Kibwana," nikasema. "Mkeo hakutoa damu. Alikataa, alikuwa amefunga. Nilikwenda bafuni kwenu nikajitoboa mimi. Leo nimemwomba anifichie, naye amenifichia."

Kuku walikuwa wanadonoa ufuta uliomwagika na hakuna aliyewafukuza.

Mzee aligeuka na kigoda chake, akamtazama mkewe, si mimi. "Kwa nini hukusema?"

"Niliahidi," alijibu Bi Mwanamvua.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kazini hulazimika kuacha ninachofanya. Kazi yenyewe sasa ni kuuza sare za shule, maana ofisi ilinifukuza na ilikuwa haki yao, na Oswaldi alizifuta kaya zangu zote, mia mbili na arobaini, za kweli kwa sababu ya moja ya uongo. Bi Mwanamvua alinijia, akanitoa kishkwambi mkononi, akakiweka kwenye mkeka. Akautazama mkono wangu wa kushoto, kidole cha pete, kana kwamba alama bado ipo.

"Basi nenda ukapimwe, mwanangu," alisema. "Mimi nitakaa hapa mlangoni."

Clara alikuwa ameshaingia ndani. Nilimkuta ameketi pale pale alipoketi na mama yule, anavaa glavu mpya. Hakunigombeza. Alikuwa amevuta fomu, kalamu mkononi, na hakuniangalia usoni aliponiuliza kama anavyomwuliza mtu yeyote, kama nilivyokuwa nikiwauliza watu miaka mitatu.

"Namba ya mshiriki?"

"Ishirini na saba," nikasema. "Sifuri mbili."