Nyasi za Bi Dulma Zahamishiwa Mashariki

Redio ilipotangaza kwamba jimbo lao la Buryatia, huko Urusi, limetolewa wilaya ya Siberia na kutiwa wilaya ya Mashariki ya Mbali, Bi Dulma alikuwa akikamua ng'ombe wake mwekundu, yule mwenye chuchu moja kavu. Hata hakuinua kichwa.

"Haya, mwanamwali," akamwambia ng'ombe, "leo wewe ni wa baharini. Jioni unipe samaki."

Makao makuu sasa yalikuwa Vladivostok, mji wa bandari, siku tatu kwa treni. Bi Dulma aliona kazi nzuri sana hiyo, kukaa ofisini na kuhamisha milima kwa kalamu.

Seseg, mke wa mwanawe, hakucheka. "Mama, watu wa wilaya hii mpya wanagawiwa hekta ya ardhi bure. Unachagua kwenye ramani ya simu. Tuandikishe pale unapokata nyasi."

"Niombe nyasi zangu? Mama mkwe wangu alifyeka pale, nami nafyeka pale. Kijiji kizima kinajua."

"Ramani haijui."

"Basi ramani ni jinga. Nisiisumbue."

Majira ya joto mawili baadaye, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, Bi Dulma alimkuta pale pake pa kufyeka, kando ya mto, kijana wa mjini, Gennadi, akipigilia vigingi. Buti zake zilikuwa safi kama sahani za harusi.

"Shikamoo, bibi. Hapa ni pangu. Nitajenga vibanda vya watalii." Akamwonyesha simu: kipande cha kijani, kitupu. "Unaona? Hapakuwa na mtu."

"Na mimi ni nani, kunguru?"

"Sheria, bibi."

Bi Dulma akaenda kwa Bair, mkuu wa kijiji, aliyekuwa akila maandazi ya nyama. Bair akajifuta mafuta kidevuni. Kijana ana hati, akasema. Mwenye malalamiko aandike makao makuu.

"Kwa nani? Kwa nyangumi?"

"Shangazi, na mimi nifanye nini?"

"Kula, baba. Hiyo unaiweza."

Bila nyasi zile ng'ombe wake watatu wasingevuka baridi hadi majira ya machipuko. Ilimbidi auze wawili, au ameze maneno yake. Akayameza, kwa shida, kama mfupa wa samaki. Akaketi karibu na Seseg mezani.

"Haya, fungua hilo dude lako. Nitafutie kipande."

Seseg akasogeza ramani kwa kidole. Kando ya mto vipande vingi vilikwisha chukuliwa. Kimoja kilibaki, kizuri, chenye kivuli cha mierebi.

"Hiki hapa, Mama. Kitupu. Nibonyeze?"

Bi Dulma akavaa miwani. Aliijua ile mierebi. Tseren, binamu wa marehemu mumewe, alikuwa angali akifyeka pale na mguu wake mbovu, akipumzika kila baada ya mistari miwili.

"Pa Tseren hapo."

"Ramani inasema hapana mtu."

Kidole cha Seseg kilingoja juu ya kioo. Zizini ng'ombe mwekundu akalia. Bi Dulma aliitazama ile kijani muda mrefu kuliko alivyopenda, kisha akavua miwani na kuchukua koti lake.

"Lete hiyo simu, twende kwake. Tumwandikishe yule mzee mkaidi kabla mwenye buti safi hajafika."

"Na sisi, Mama?"

"Ataniachia nifyeke nusu. Nitauza ng'ombe mmoja." Akafunga vifungo, akasonya. "Mwekundu simuuzi. Huyo ni wa baharini."