Sweta ya Majani

Jumamosi moja asubuhi, vyombo vya chai vilipokwisha kuoshwa, Mama Halo alikaa kwenye kiti cha dirishani, akatoa sindano zake za kufumia na donge jipya la uzi, akagundua kwamba hakumbuki kitu.

Jina hilo alilipata kazini. Tangu ujana hadi alipostaafu alikuwa mpokea simu wa hospitali, na "halo" yake ilijulikana na kila aliyewahi kuuguza mtu katika mji ule. Kabla ya simu alikuwa mfumaji. Alifuma sweta za ndugu na za majirani bila hata kutazama mikono, huku akipiga soga. Halafu akaacha. Sasa binti yake alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na Mama Halo alikwishajitapa mbele ya watu kwamba mjukuu wake hatavaa sweta ya dukani.

Vidole vikagoma. Uzi uliteleza, vitanzi vilichopoka, na hadi adhuhuri alikuwa na kitu kipana chini, chembamba juu, chenye matundu.

"Hiyo ni kofia?" aliuliza mumewe, fundi saa, bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameitandaza mezani.

"Ni mgongo."

"Wa nani?"

"Wa mjukuu wako."

"Basi tumwombee."

Alifumua yote. Jumapili alifuma tena, akafumua tena. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kichwani aliona kila kitu, jinsi bega linavyoinama na mkono unavyojiunga nalo. Vidole tu ndivyo vilivyokwenda likizo bila kuaga. Jumatatu, uzi umejikunjakunja kwa kuchoka, alifika kwapani akakwama kabisa.

Mchana huo sweta ya kijani ilifika mlangoni. Ilibisha hodi kwa mkono wake, lakini mkono wa sufu haupigi kelele, ikabidi isubiri mpaka fundi saa alipotoka kumwaga maji.

"Mama, una mgeni," alisema, akaipisha ndani.

Mama Halo aliitambua mara moja. Aliifuma yeye, zamani, kwa ajili ya jirani ambaye siku hizi ni dereva wa lori. Aliikung'uta vumbi, akaikalisha kwenye kochi, akainua mkono wake na kuchungulia kwapani.

"Ahaa! Kumbe hapa napunguza vitanzi!"

Dereva alipiga simu jioni kuuliza kama sweta yake imefika salama.

"Imefika. Imepita wapi?"

"Sokoni. Niliiambia ifuate kivuli, isipauke."

Kesho yake ilikuja nyekundu, ikamwonyesha shingo. Ikaja ya buluu, ikamkumbusha matundu ya vifungo. Kila alipokwama palibishwa hodi, au tuseme palikuwa na mtu nje asiyesikika. Kochi likajaa, zikawa zinasogeleana kupeana nafasi. Mama Halo alipiga nazo soga kutwa nzima. Vidole vikaanza kurudi kazini, kimoja kimoja, kwa aibu.

Ijumaa ikaja nyeupe. Ilitembea imekakamaa, kama mtu aliyesimama miaka mingi bila kuambiwa akae. Kuanzia pindo hadi shingoni ilikuwa na majani ya kufumwa, kila jani na mishipa yake. Kifuani ilibandikwa kibao cha shaba: Mshindi wa Kwanza. Chini yake palichongwa jina la wifi yake.

Mama Halo aliweka sindano chini.

Aliifuma yeye, zamani, kwa ajili ya maonyesho. Siku ya kuipeleka, uchungu wa kumzaa binti huyuhuyu ukamshika, akampa wifi aifikishe. Wifi alikuja wodini na machungwa na machozi. Sweta imesahaulika kwenye basi, alisema, nisamehe. Mama Halo ndiye aliyembembeleza. Baada ya hapo hakuwa na moyo wa kufuma tena. Wifi naye, mwaka huohuo, aliajiriwa na chuo cha ufundi kufundisha kufuma, mpaka akawa mkuu wa chuo.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza Mama Halo.

"Ukumbi wa halmashauri, ghorofani, kwenye kabati la kioo," alijibu mumewe. "Saa ya pale huwa naitengeneza mimi."

"Kwa hiyo uliiona."

"Kila mwaka."

"Na hukusema."

"Ni dada yangu, mama."

Mama Halo alimtazama mpaka akaangusha kibisibisi.

Alasiri wifi mwenyewe alifika, pamoja na mlinzi wa ukumbi. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, alikaa kando ya sweta nyeupe.

"Haijakusumbua, wifi?"

"Imetulia tu. Uliniambia ilipotelea kwenye basi."

"Ilipotea. Halafu ikapatikana."

"Ikapatikana na jina lako."

Wifi alitazama dari. "Kazi ya chuo ilikuwa ya mshindi, nawe ulikuwa na mtoto mchanga. Ungefundisha saa ngapi?"

"Ungeniuliza."

"Sasa shaba imeshachongwa, wifi yangu. Tukianza kufukua mambo, tutamaliza lini?"

Mlinzi aliishika sweta mkono kwa adabu, tayari kuondoka.

"Ngojeni kwanza," alisema Mama Halo. "Sijayasoma majani."

Akamnyoosha wifi mikono yote miwili, akamvisha uzi viganjani, eti anataka kuuzungusha kuwa donge, akakaa kuyasoma majani, jani kwa jani, kitanzi kwa kitanzi, bila haraka yoyote. Wifi alikaa mikono mbele hadi jua lilipozama. Kila aliposema amechoka, Mama Halo alimwambia, "Vumilia kidogo, Mwalimu," na fundi saa akainamia meza asionekane anacheka. Kisha mlinzi akaiongoza sweta barabarani taratibu, akairudisha kwenye kioo, na kibao chake kifuani.

Mtoto alizaliwa mwenye sauti kubwa. Sweta zilizokuwa kochini zilikwisha kwenda zake, na wageni wakapata pa kukaa. Mjukuu alivalishwa sweta mpya nyeupe ya majani, kazi ya Mama Halo, akapitishwa mkono kwa mkono hadi akafika kwa bibi mdogo, yaani wifi. Mke wa jirani aliinama, akapapasa jani moja.

"Mwalimu," alimwambia wifi, "mkono wako haujazeeka hata kidogo!"

"Ahsante, mwanangu," alisema wifi.

Fundi saa aliinamia kikombe chake cha chai. Mama Halo alicheka kwa sauti ambayo hospitali nzima ingeijua, akanyoosha mikono ampokee mjukuu, lakini mtoto hakungoja. Alicheua, maziwa mengi, juu ya majani yote na juu ya gauni la Mwalimu.

"Halo," alisema Mama Halo, akaenda kuleta kitambaa.